Fundi na Skrini Nyeusi

Bwana fundi wetu wa Mtito Andei ameunda kompyuta kwa vipuri vilivyoshushwa na basi la Nairobi. Feni zinavuma, taa zinameta kama disko, skrini nayo yasema: hakuna signali. Washtakiwa hawakukosekana: stima, joto, vumbi la Tsavo. Hata treni ya Madaraka Express, inayopita hapa tangu 2017, ilitajwa kwamba inatikisa. Kumbe waya wa skrini umechomekwa kwenye madabodi, na prosesa ni ile ya Intel yenye herufi F, isiyo na uwezo wowote wa kutoa picha. Kadi ya grafiki, iliyogharimu mbuzi kadhaa, imekaa hapo chini matundu wazi, haijaulizwa neno. Fundi ameshaagiza monita nyingine. Inakuja na basi la jioni.