Limuru Imepanuka

Mkazi wa Loresho, Nairobi, ana adabu zake. Eksosta likija kunyonya tangi la choo, anafunga madirisha, na lango likishafungwa nyuma ya lori mambo hayo hayamhusu tena. Jioni anamwinamia mama mboga: "Hii sukuma si ya maji taka, au?" Mama mboga, mtu mwenye huruma, anamjibu, "Hapana, customer, hii ni ya Limuru." Limuru imepanuka sana siku hizi. Inafika mpaka Maili Saba, upande wa Dandora, ambako wakulima wamemwagilia mashamba kwa mabomba ya maji taka yaliyotobolewa.

Sasa mwambie kuhusu kampuni ya Sanergy, waliokusanya kinyesi kutoka vyoo vya mtaa wa mabanda wa Mukuru, wakakiivisha, wakakitia gunia na kukiuza kama mbolea kwa jina la Evergrow. Atashika mdomo! Ile mbichi, isiyo na jina, ameila miaka yote. Hii iliyopikwa kwa joto linaloua mayai ya minyoo ndiyo inayomtia kichefuchefu.

Ipo hofu ya haki, tena kubwa: tope la maji taka ya mji mzima hubeba metali za viwandani kama risasi na kadimi, na hizo hazifi kwa joto. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku kumwaga tope hilo mashambani mwaka 2022, kwa sababu ya kemikali zisizooza. Hilo mkazi wetu wa Loresho hajaliuliza. Ameuliza kama gunia linanuka, na kama lipo la kilo mbili, la maua ya waridi tu.