Namna ya Kumwambia Mchoraji Mgeni Kuwa Leya Imefichwa

Wewe unayeandika programu za kuchorea, kabla hujaandika ujumbe wowote wa kosa, tafuta mtu ambaye hajawahi kuchora kwenye kompyuta. Mpe kalamu na kishikwambi, kisha kaa pembeni yake huku mikono yako umeikalia. Hilo la mikono ni sharti, maana itakuwasha. Atachora pua, atachora mdomo, halafu kwa bahati mbaya atabofya alama ya jicho kwenye orodha ya leya, na leya yake itafichika. Atapitisha kalamu, rangi haitoki. Atakandamiza zaidi. Atabadilisha rangi, ataongeza ukubwa wa brashi, ataitikisa kalamu. Hapo ndipo ujumbe wako unapoitwa kazini, na hapo ndipo utajua kama umemwandikia yeye au umewaandikia wenzako wa ofisini.

Photoshop ikifika hapo husema brashi haiwezi kutumika kwa sababu leya husika imefichwa. Ujumbe huo una heri, kwa kuwa sababu imetajwa. Lakini umeishia njiani. Leya yenyewe iko wapi? Inafichuliwaje? Mgeni akibofya Sawa, kisanduku kinaondoka na maelezo yake yote, na yeye anabaki na karatasi yake tupu. Ongeza sentensi moja na kitufe kimoja: "Leya ya Uso imefichwa. Ionyeshe." Akikibofya, leya irudi hapo hapo.

Programu hiyo hiyo ina ujumbe mwingine, unaosema ombi lako halikukamilika kwa sababu ya kosa la programu. Usome tena polepole. Ni sawa na tabibu kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu ya ugonjwa. Ujumbe wa aina hii ufute bila huruma. Kama kweli hujui kilichotokea, sema hujui, kisha umwambie la kufanya.

Sasa tuje kwenye kanuni ninayoishikilia kuliko zote. Mchoraji akiona kisanduku kimeruka mbele ya picha aliyoihangaikia tangu asubuhi, hajali diski wala kumbukumbu ya kompyuta. Ana swali moja: picha yangu ipo? Basi anza na jibu hilo. "Picha yako ipo salama, imehifadhiwa saa nne na dakika kumi." Na usiliandike kama si kweli, kwanza ifundishe programu kujihifadhia yenyewe kila baada ya muda, kama Krita inavyofanya, ndipo upate haki ya kutoa ahadi hiyo.

Chukua ule ujumbe maarufu wa kwamba diski za muda zimejaa. Mgeni ataanza kuzitafuta hizo diski, na hatazipata, kwa sababu ni diski yake ile ile ya kila siku: kumbukumbu ya RAM ikizidiwa na leya na hatua za kurudi nyuma, Photoshop huazima nafasi kwenye diski. Mwambie hivyo, kwa lugha ya mtu: "Picha yako ipo. Kompyuta imeishiwa nafasi ya kuifanyia kazi. Funga picha nyingine zilizo wazi, au futa vitu usivyovihitaji kwenye diski C, kisha ujaribu tena." Mistari mitatu, na mtu hajapata kiherehere cha kwenda kununua diski mpya.

Vitisho weka mbali. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilitoka pamoja na MacPaint, programu ya kuchorea ya Bill Atkinson, na mfumo ulipoanguka ilionyesha picha ya bomu lenye utambi unaowaka, iliyochorwa na Susan Kare. Pembeni yake palikuwa na neno la kuomba radhi, jambo la kiungwana, lakini kilichofuata kilikuwa namba. Mtu amechora ua, anajibiwa kwa bomu na namba! Miaka miwili kabla ya hapo, Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikuwa ameshaandika kwamba ujumbe wa mfumo usimshutumu mtumiaji, uwe mahususi, na umwonyeshe njia ya kurekebisha. Andiko hilo ni la 1982. Muda wa kulisoma umetosha.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa vizuri, fungua p5.js, maktaba ya kuchora kwa kuandika msimbo iliyoanzishwa na Lauren Lee McCarthy mwaka 2013. Tuseme msichana anataka kuchora pindo la kanga, safu ya miduara myekundu. Badala ya ellipse anaandika elipse, herufi moja imeponyoka. Kivinjari kitamwambia kwamba elipse haijafafanuliwa, basi. Lakini p5.js ina mfumo wake wa makosa ya kirafiki: huliangalia neno lisilojulikana, hulilinganisha na majina ya amri inazozijua, na kuhesabu ni herufi ngapi zingebadilishwa, kuongezwa au kutolewa ili yafanane. Ikipata jina la karibu, humtajia mstari wenye kosa na kumwambia kwamba huenda alikusudia ellipse. Anarekebisha, pindo linatokea, anaendelea na mji wa kanga.

Ukaguzi huo hupunguza kasi kidogo, kwa hiyo toleo lililobanwa la maktaba haliji nao, na anayeuona kero anaweza kuuzima kwa mstari mmoja. Uamuzi huo ninaupenda kweli. Bingwa anajua swichi iko wapi. Mgeni hajui hata kama kuna swichi. Basi upole uwe umewashwa tangu mwanzo.

GIMP nayo ipewe haki yake. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya Hifadhi hutunza kazi kwa muundo wa XCF tu, na muundo wa PNG unapatikana kwa kuhamisha faili. Ukijaribu kuhifadhi maua.png, haikukatalii tu: inakueleza utumie amri gani, na kuna kiungo cha kukupeleka moja kwa moja kwenye dirisha la kuhamisha faili. Ninaudhika na utaratibu wenyewe, ila ujumbe wake ninausifu.

Jambo la wanaotafsiri kwa Kiswahili: usiwape sentensi yenye tundu la kuchomeka jina lolote mbele ya "imefungwa". Leya imefungwa, kitufe kimefungwa, dirisha limefungwa. Andika kila sentensi kamili, hata kama faili la tafsiri litarefuka.

Na namba ya kosa usiitupe. Iweke chini kabisa, kwa herufi ndogo, na kitufe cha kuinakili. Mgeni wako atapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada, na yule atakayemjibu ndiye atakayeihitaji.