Sifa Zimwendee Bwana Breka

Wengine wakisifu majemadari na wafungaji wa mabao, mimi namsifu sakitbreka. Ndiye yule aliyejibanza kwenye boksi nyuma ya mlango, anayekata umeme mpira ukiwa dakika ya 88, pilau haijakauka na shemeji hajamaliza kunyoosha kanzu.

Nani mwingine humo ndani ana ujasiri huo? Mwenye nyumba hathubutu kumkatalia mgeni. Breka hana haya. Kwenye njia moja ya ampea 20 mmechomeka jagi la umeme la wati 2,000, pasi ya mvuke ya wati 2,000 na hita ya wati 3,000. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni ampea 30. Kwanza anavumilia, muungwana wa watu. Tumboni mwake mna ulimi wa metali mbili zilizoshikanishwa. Unapata moto, unapinda taratibu, ukifika mahali pake, ta! Giza. Kwa shoti hana subira hiyo: sumaku yake humfyatua papo hapo. Na ukoo wake si wa jana, maana Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, alimchukulia hataza mwaka 1924.

Malipo yake ni matusi. Wapo wanaomfunga kwa plasta asianguke, wasijue kwamba hata ukikishikilia kile kikono chake, ndani atakata vilevile. Anazidi punda kwa ukaidi. Wapo pia mafundi wa chapuchapu wanaoshauri awekwe wa ampea 40. Huyo atanyamaza kweli, lakini waya wa ukutani ni uleule wa milimita 2.5 za mraba, nao utajikaanga humo ndani mpaka moshi utokee kwenye soketi. Mpole kama huyo mimi simtaki nyumbani kwangu.

Akianguka, mwendee kwa adabu. Chomoa kila kitu kwenye njia yake, mshushe mpaka chini kabisa, ndipo umpandishe. Akitulia, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kitakachomwangusha ndicho chenye kesi, isipokuwa kama ni wingi tu wa mzigo. Mara nyingi utakuta pasi iliyochubuka waya shingoni, au hita ambayo koili yake imepasuka. Akianguka hata pasipo kitu, huenda kosa liko kwenye nyaya, au kwenye taa ya nje iliyoingiwa na mvua. Usimpandishe tena na tena kwa hasira. Ita fundi mwenye leseni.

Naye huzeeka, hilo tusimfichie. Skrubu ikilegea anachemka, anaanguka bila kosa la mtu. Fundi ataikaza, na kama amechoka kweli, astaafishwe, achukue nafasi mwenziwe wa ampea zilezile.

Ila ukisikia harufu ya plastiki inayoungua kwenye boksi lake, zima swichi kuu, na usiwashe chochote mpaka fundi afike.