Barua kwa Mheshimiwa Waziri: Kamati ya Mazishi Iundwe Mapema

Kwa Waziri anayehusika na Utamaduni,
Nairobi.

Mheshimiwa,



Mimi ni mkazi wa Awasi. Kwetu Nyanza mtu akiugua, kila jamaa ana shida zake. Akifa, hema, viti na spika hupatikana kabla ya jioni. Ndiyo maana naielewa sera ya Serikali kuhusu lugha ndogo, na naiunga mkono.

Mgonjwa yuko kisiwani Mfangano, Ziwa Viktoria. Jina lake ni Olusuba, lugha ya Kibantu iliyovuka ziwa na wahenga kutoka upande wa Uganda. Hakuna aliyeipiga. Sisi Wajaluo tulioana na Wasuba, wenye lugha hiyo, tukauziana samaki, watoto wakazungumza lugha yetu, Dholuo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasuba zaidi ya laki moja na nusu. Karani angewaamkia kwa Olusuba, wengi wangemwomba arudie kwa Dholuo.

Serikali nayo ilisaidia. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ilipendekeza mtoto aanze shule kwa lugha ya eneo lake. Eneo likaonekana ni la Wajaluo, basi mtoto wa Kisuba akafundishwa kwa lugha ya mama, ila mama wa jirani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ikaahidi kuendeleza lugha za kiasili. Ahadi imetunzwa vizuri: haijatumika sana.

Kwa kuwa Umoja wa Mataifa umezitengea lugha hizi mwongo mzima, 2022 hadi 2032, tuna muda wa kujipanga. Naomba:

Kwanza, kamati ya mazishi iundwe sasa, mwenyekiti atoke Nairobi.

Pili, rambirambi ziandikwe kwa Kiingereza, marehemu asije akaelewa.

Tatu, msemaji wa mwisho aketi mbele apigwe picha na waheshimiwa. Kipaza sauti asipewe; ratiba itakuwa imebana.

Nne, wanaotangaza kwa Olusuba kwenye redio ya jamii kule Mfangano, na walioanzisha makumbusho ya Wasuba, waonywe. Wanamnywesha mgonjwa uji bila idhini ya kamati.

Ikitokea kwa bahati mbaya bajeti ikapata mshahara wa mwalimu wa Olusuba na vitabu vya darasa la kwanza, tafadhali puuza barua hii.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Awasi

Nakala: Wazazi Wajaluo wa Awasi ambao watoto wao huwajibu kwa Kiingereza, kwa hatua zinazofaa.