Sifa za Vumbi la Chini ya Kioo

Katika nchi ambamo hata stika ya ubora wa bidhaa hughushiwa, yupo mkaguzi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsingizia kwamba alikunywa chai ya mtu: chembe ya vumbi iliyojipenyeza chini ya kioo cha simu. Watu wa Nakuru humlaani. Humfuta kwa pindo la shati, wakagundua kwamba yuko upande wa pili. Humpuliza, hugongagonga simu kwenye goti, na mwisho humpeleka kwa fundi kama mtu anayempeleka mwizi kituoni. Nadai kwamba wanamwonea. Chembe hiyo haikuiharibu simu. Imeikagua, ikakuta mlango wazi, kisha ikaiweka ripoti yake mahali pasipoweza kufungiwa kabatini wala kusomwa na tume peke yake. Nitajie ofisi moja ya umma inayofanya hivyo.

Mwenye kusifiwa huanzwa kwa nasaba, na nasaba ya vumbi hili si ya kuokotwa njiani. Menengai, mlima ambao kasoko lake lina upana wa karibu kilomita 12 kwa 8, ulilipuka na kuporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaitandazia majivu na pumisi nchi yote iliyouzunguka. Majivu ya volkano kwa sehemu kubwa ni vioo vidogo vidogo: mwamba ulioyeyuka ukapoa kabla haujapata muda wa kujipanga. Huko Eburru umo mwamba uliopoa ukawa mabonge meusi ya obsidiani, jiwe ambalo watu wa kale wa Bonde la Ufa walilichonga visu. Vifaa vya namna hiyo vilifukuliwa Hyrax Hill, kando ya mji, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Kwenye machimbo ya Kariandusi, upande wa Gilgil, hutoka unga mweupe wa diatomaiti, yaani magamba ya viumbe wadogo mno walioishi katika ziwa la kale, na magamba hayo ni silika. Ziwa Nakuru lenyewe, linapokauka na kuacha ufuko mtupu kama lilivyofanya miaka ya 1990, huongeza magadi yake kwenye upepo. Sasa, kioo cha simu kimetengenezwa kwa nini? Kwa silika iliyochanganywa na alumina. Kwa hiyo chembe ya Menengai inapoingia chini ya kioo haijavamia nyumba ya watu. Imekwenda kumjulia hali binamu aliyesomea ng'ambo.

Watengenezaji, ni kweli, wana ukaguzi wao. Simu inayotafuta alama ya IP68 hufungiwa kwenye sanduku ambamo unga wa talki hurushwa huku na huku kwa saa hadi 8, huku hewa ikivutwa kutoka ndani ya simu ili unga upate kishawishi cha kuingia. Tarakimu ya kwanza ikiwa 6, maana yake hakuna unga ulioingia. Ikiwa 5, maana yake uliingia lakini haukudhuru kitu. Ni mtihani halali, ila una upole wa kutilia shaka. Talki ndiyo laini kuliko madini yote yanayojulikana, ile ile inayopakwa watoto wachanga, na simu inayotahiniwa ni mpya, haijaanguka hata mara moja. Mtihani wa Nakuru hauna saa 8. Huanza Januari, trekta zinapotifua mashamba ya Njoro na Rongai na kila moja ikaburuta wingu lake, ukaendelea hadi mvua za masika zikubali kunyesha. Simu imefungwa kwenye usukani wa bodaboda, au imo mfukoni pamoja na funguo na makombo. Na simu hupumua: ikipata joto juani hewa ya ndani hutanuka ikatoka, ikipoa jioni huvuta nyingine. Bonde la Ufa limeongeza swali ambalo maabara haikulifikiria, nalo ni kimo. Mji wa Nakuru uko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo karibu 2,500, Marigat takriban 1,070. Abiria anayeteremka kwa matatu kutoka Molo hadi Marigat huzidi kusongwa na hewa nzito kila kilomita, na simu isiyozibwa sawasawa haina budi kuimeza hewa hiyo pamoja na chochote ilichobeba. Baada ya Mogotio, hubeba mengi.

Atakayesema kwamba mkaguzi huyu anawaonea tu wenye simu za bei nafuu, akumbuke Aprili 2019. Samsung ilikuwa karibu kuanza kuuza Galaxy Fold, simu ya kukunjwa, kwa bei ya karibu dola 2,000 za Marekani. Waandishi waliopewa simu za kujaribu walianza kuona vioo vikifa mikononi mwao. Baadhi walijiponza wenyewe kwa kubandua utando waliodhani ni wa kutupwa. Lakini nyingine ziliingiwa na vijitu vidogo kupitia upenyo wa bawaba, kioo kikatuna. Uzinduzi ukaahirishwa, mianya ikazibwa, simu ikatoka Septemba. Wahandisi walikuwapo, mashine ya kukunja na kukunjua simu mara maelfu ilikuwapo, na bado neno la mwisho likasemwa na takataka ndogo isiyo na cheo. Wala haikuwa takataka ya Nakuru.

Lakini fadhila yake kubwa iko kwenye simu iliyokwisha kutumika. Katika simu nyingi za siku hizi, kioo cha kugusa na paneli ya picha vimegandishwa pamoja bila nafasi, na kingo zimezungushiwa gundi. Zamani za kabambe, zile simu ndogo za vitufe, haikuwa hivyo. Kulikuwa na pengo chini ya plastiki, na vumbi liliingia katika simu ya kila mtu bila ubaguzi, hakimu na mchuuzi, kwa hiyo halikuwa na la kueleza. Leo likionekana lina habari. Ama simu ilianguka ikafunguka ukingoni, ama ilifunguliwa na fundi akabana matumizi ya gundi, ama ilivishwa kioo cha rahisi ambacho tabaka zake hazikugandishwa. Muuzaji ataapa kwa marehemu mamake kwamba simu haijawahi kuguswa na bisibisi. Chembe iliyolala pembeni mwa kamera ya mbele haiapi, na ushahidi wake ndio utakaosimama.

Najua pingamizi. Litasemwa kwamba doa linaweza kuangukia kwenye kiasi cha pesa katika ujumbe wa M-Pesa, elfu tatu ikasomeka vingine. Vyema: mwenye simu atalazimika kusoma mara mbili kabla ya kubonyeza namba ya siri, jambo ambalo matangazo yote ya kututahadharisha dhidi ya matapeli hayajafaulu kutufunza. Litasemwa kwamba chembe haijui kutofautisha fundi mlaghai na mwenye simu aliyeiangusha kwa bahati mbaya. Haijui, na haidai kujua. Kazi yake ni kusema kuna mwanya, kutafuta mkosaji ni kazi ya wengine. Litasemwa pia kwamba simu zikizidi kuzibwa, mkaguzi atakosa kazi. Hilo halinitii wasiwasi hata kidogo. Amekwisha kuhamia chini ya protekta, ile inayobandikwa kando ya barabara mchana wa Februari huku malori yakipita, ambapo mteja hulipa ili vumbi lisikiguse kioo na papo hapo hubandikiwa vumbi lenyewe, likawa na kiputo chake cha hewa cha kukaa humo.

Pingamizi moja silijibu kwa mzaha. Silika ikiingia mapafuni mwa mchimbaji wa mawe au mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya murram, hakuna inachokagua. Inaua polepole, na barabara zitiwe lami. Sifa zangu zinaishia ukingoni mwa simu.

Basi ndugu msomaji, ukiuziwa simu ambayo imeshapita mikono ya watu, usianze kwa kuuliza ina gigabaiti ngapi. Zima kioo, itoe juani, iinamishe, utazame pembe zote nne na kijicho cha kamera. Ukimkuta mkaguzi yuko kazini, mwache muuzaji aendelee kuapa. Wewe toa gharama ya kioo kwenye bei.