Maziwa Yasiyo Yangu

Jumamosi iliyopita soja wa supamaketi alinishika mkono nikipanga maziwa. Sijaajiriwa pale. Nilikuwa nimetumwa mkate.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

Nikajibu kwa sauti ya kazi: "Naleta mbele yanayoharibika Jumanne."

Hapo ndipo yalipoharibika yote. Mzee hana sare, hana kitambulisho shingoni, amekumbatia pakiti sita kama mlezi wa watoto wa jirani. Tena mama wawili walikuwa wameshaniuliza mchele uko wapi, nami nimewaelekeza, na mchele ulikuwepo. Akaitwa meneja, kijana wa rika la kitinda mimba wangu. Nikaona nimweleze.

Maziwa mapya hukaa nyuma, ya zamani mbele. Mnunuzi anajua, ndiyo maana mkono wake huzama hadi begani. Akishachomoa ya nyuma anaacha pengo, na pengo kwenye rafu ni dhambi. Kila kitu husogezwa hadi ukingoni, lebo ikimtazama mteja, rafu ionekane imejaa hata kama nyuma pana hewa tupu. Na ile mistari myeusi! Chini yake pana tarakimu 13, na ya mwisho kazi yake ni kuwakagua wenzake. Chukua zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano hadi ya kumi na moja, uzijumlishe. Za pili, nne, sita hadi ya kumi na mbili uzizidishe mara tatu kwanza, kisha uziongeze. Hiyo ya 13 ikiongezwa, jumla lazima igawanyike kwa kumi. Nilipokuwa nimeajiriwa kwenye supamaketi nyingine, keshia wakipumzika, mimi nilikuwa nazipiga hesabu kichwani kwenye mikebe ya maharagwe. Ikianza na 616, nambari imetolewa Kenya, 620, Tanzania. Ikianza na 2 ni ya duka lenyewe, kama ile lebo ya mzani wa nyama, ambayo hubeba bei au uzito tumboni.

Meneja alinisikiliza hadi Tanzania, kisha akamwambia soja anisindikize kulipia mkate.

Huko kazini kwangu kwa zamani niliwahi pia kujifungia katika chumba cha barafu, na kutangaza kwa kipaza sauti ofa ya kuku walioisha jana yake. Hayo tuyaache.

Ujuzi wa pengo ndio nisiousahau. Wasambazaji walipochoka kutolipwa wakaacha kuleta mali, nasi tukaagizwa tusiache rafu wazi. Nilipanga chumvi ukuta mzima, pakiti moja moja, mstari mmoja kama gwaride, nyuma hakuna kitu. Mteja akiuliza unga, namwonyesha chumvi na kutabasamu. Tulidanganya kwa nidhamu kubwa. Mshahara ukaanza kuchelewa, halafu ukaacha kuchelewa, maana haukuja tena. Matawi yakafungwa moja moja, mpaka likabaki jina kwenye mifuko tuliyohifadhia nguo kuukuu. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inataja mishahara yetu katika madeni ya kutangulizwa. Nimetangulizwa. Ila mwenye kushika dhamana ana mlango wake, na huko mbele ya foleni nilikowekwa sijaona dirisha likifunguliwa.

Nadai miezi mitatu. Nawe ukichomoa pakiti ya nyuma, tafadhali, zirudishe za mbele zilipokuwa. Mimi pale nimekatazwa kugusa.