Dundu wa Tatu

Chanzo kilikuwa kazi ya shule. Binti yetu, kidato cha kwanza, alirudi na swali la insha: katika watu wote wa historia, ungependa kusoma chuo na nani, awe rafiki yako? Swali lilikuwa lake, lakini mie baba mtu nikalidaka kabla hajavua viatu. “Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe!” nikasema. Laiti ningenyamaza nikanywa chai yangu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea toka Pangani, kwa hiyo wasikilizaji sikuwakosa. Nikawasimulia jinsi baba yake Darwin, daktari wa Shrewsbury, alivyompeleka Edinburgh mwaka 1825, mtoto wa miaka 16, asomee udaktari. Wakati huo upasuaji ulifanywa bila dawa ya usingizi. Kijana aliona mtoto akipasuliwa, akatoka mbio, asirudi tena chumba kile. Alichokishika vizuri ni kukausha ndege, na mwalimu wake alikuwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyetoka utumwani Guyana. Mzee akakasirika; tangu kijana yuko shule alikwisha kumwambia kwamba hana analojali ila bunduki, mbwa na kukamata panya! Mwaka 1828 akamwingiza Christ's College, Cambridge, angalau awe kasisi.

“Akatulia?” akauliza mama mkwe.

Wapi! Huko akaanza wazimu wa kukusanya dundu. Alimlipa kibarua amkwangulie vimea laini vinavyoota kwenye miti wakati wa baridi, na amzolee takataka zilizobaki ndani ya mashua za kubebea matete, mradi apate dundu adimu. Na wenzake wakaunda chama cha kula nyama ambazo watu hawali. Walianza na mwewe, wakaja kushindwa na bundi mzee.

“Bundi? Astaghfirullah!” Mama mkwe akasogeza kiti chake mbali nami, kana kwamba nami nilionja.

Nikamalizia kwa kisa chenyewe. Siku moja Darwin alibandua gome la mti, akaona dundu wawili adimu. Akamkamata mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Mara akatokea wa tatu, wa aina nyingine kabisa! Darwin akamtia mdomoni yule wa mkono wa kulia, ili mkono upate nafasi. Dundu akamwaga maji makali, ulimi ukaungua, akamtema. Yule akapotea, na wa tatu naye akapotea.

Binti alicheka hadi akajishika mbavu. Nami nikajiona mwalimu.

Kesho yake kopo la iliki lilikutwa tupu, na iliki imemwagwa kwenye sahani. Keshokutwa likafuata kopo la majani ya chai, kisha bakuli la mfuniko ambalo mke wangu halitoi ila kwa wageni. Chini ya kitanda cha binti palikuwa na mikwaruzo usiku kucha. Mke wangu akaniambia, kwa sauti ile ya upole inayotisha kuliko kelele, “Baba watoto, huyo rafiki yako wa chuo amehamia kwangu lini?”

Nilijitetea kwamba elimu ina gharama zake. Habari ya Darwin kuzima mishumaa chumbani kwa pumzi ya bunduki, iliyotiwa fataki bila risasi, nikaimeza palepale.

Ijumaa tulikuwa na wageni. Pilau limepakuliwa, jamvi limetandikwa, watu wananawa. Kitindamimba wetu, akitafuta mpira wake uvunguni, akapiga teke bakuli. Wakatoka! Wale weusi wa kwenye mbolea, wale wa kijani wanaong'aa, na mmoja mkubwa mwenye pembe, wa wale wanaotoboa minazi, akavuma juu ya vichwa vya wageni kama pikipiki mbovu.

Nikaruka. Nikamkamata mmoja kwa mkono wa kushoto, mmoja kwa wa kulia. Hapo ndipo yule wa pembe alipotua kwenye ukingo wa sinia la pilau, mbele ya mama mkwe. Nikasimama nimeduwaa, mikono yote imejaa. Binti yangu akapiga kelele kwa moyo mkunjufu:

“Baba, mdomoni! Tia mdomoni!”

Wageni wote wakanigeukia. Nikafungua mkono. Aliyekuwamo akaruka dirishani, na katika kuhangaika nikamwachia wa pili. Mama mkwe hata hakuinuka. Alinyoosha mkono, akachukua kawa lililofunikia chakula, akamfunika yule wa pembe taratibu, akavuta sinia upande wake.

“Mshika mbili, moja humponyoka,” akasema. “Sisi hatukwenda Cambridge kulijua hilo. Haya, karibuni chakula.”

Usiku nikaichungulia insha, nikitaraji sifa zangu. Binti alikuwa ameandika kwamba angesoma na Darwin, kwa sababu mtu anayeungua ulimi kwa ajili ya anachokipenda hatakuchosha. Ila angeomba ruhusa chuoni aende na bibi yake na kawa moja, maana kwa hao wawili, dundu wa tatu asingepotea.

Mimi sikutajwa popote. Bakuli la wageni, mke wangu amelichemsha mara tatu, na bado amelitoa liwe la kuku kunywea maji.